Miaka 14 ya kuzuia mambo yasitokee

Jumapili usiku nilikuwa jikoni nachambua dagaa, mikono inanuka, simu ikalia. Ujumbe kutoka namba nisiyoijua: "Shikamoo dada. Mimi nimemaliza saikolojia mwaka juzi, niko nyumbani Igoma. Huwa nasoma unayoandika. Na mimi nataka kazi ya kinga kwa watoto, kuzuia matatizo kabla hayajawa makubwa. Sitaki kukaa hospitali. Nianzie wapi? Naomba unijibu hata kwa kifupi."

Kwa kifupi, anasema. Nikamwandikia "marahaba", nikanawa mikono, nikakaa. Mpaka saa sita usiku nilikuwa bado naandika na kufuta. Huyu ni wa tano tangu Januari na wote wanauliza swali lilelile, kwa hiyo nimeona nijibu hapa mara moja. Mdogo wangu wa Igoma anisamehe, kifupi kimenishinda.

Kwanza ujue unachokiomba. Daktari akimponya mtoto, mama anapiga magoti, wiki ijayo analeta kuku. Mtoto wetu sisi ni yule ambaye hakuugua, hakuvunjwa mkono, hakuzama, hakuacha shule. Nani atakuletea kuku kwa ajili ya mtoto ambaye hakupatwa na kitu? Miaka 14 nimeletewa kuku mmoja tu, na nitakusimulia alivyokuja, kwa sababu kuku mwenyewe sikumstahili.

Nilimaliza chuo Dodoma 2011. Nikarudi Mwanza na cheti kwenye bahasha ya kaki, mama akapika pilau, mjomba akaniuliza mbele ya watu, "Haya mtaalamu, hapa nilipo nawaza nini?" Watu wakacheka. Kama umesoma saikolojia nchi hii, swali hilo umeshaulizwa. Mimi nilicheka nao, lakini kichwani nilikuwa na picha yangu: ofisi, kapeti, kiti cha kuegemea, kibao mlangoni chenye jina langu. Matangazo ya ajira yalitaka walimu, wauguzi, maofisa ustawi wa jamii. Mwanasaikolojia hakutafutwa na mtu.

Mwaka huohuo ikatoka ripoti ya utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, utafiti uliofanyika 2009. Niliisoma kwenye intaneti kafe moja maeneo ya Makoroboi, nalipia kwa dakika, kwa hiyo nilisoma kama mtu anayekimbizwa. Karibu watoto watatu kati ya wanne walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Wasichana karibu watatu kati ya kumi, ukatili wa kingono. Wavulana karibu mmoja kati ya saba. Nikahesabu nyumbani kwetu: tumezaliwa sita, tumechapwa sote, na mmoja wetu ana kovu la waya mgongoni ambalo tukikutana Krismasi huwa tunalicheka. Siku ile sikulicheka.

Chuoni tulishasoma habari za David Olds, Mmarekani aliyeanza kazi kwenye kituo cha kulelea watoto katika mtaa wa maskini, Baltimore. Aliwakuta watoto wa miaka minne ambao tayari walikuwa wamefika wameumia. Mmoja alikuwa hataki kulala mchana na wenzake, kwa sababu nyumbani alipigwa akikojoa kitandani. Olds akaona arudi nyuma zaidi, mpaka kwa mama mwenye mimba ya kwanza. Mwaka 1977, mji wa Elmira, jimbo la New York, mradi wake ukaanza: wauguzi wanawatembelea wajawazito nyumbani, wanaendelea kuwatembelea mpaka mtoto afikishe miaka miwili. Watoto wale walifuatiliwa, na walipofika miaka 15, waliotoka kwenye nyumba zilizotembelewa walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache kuliko wenzao. Darasani nililijibia mtihani hili, nikapata B. Kafe nililisoma tena nikaona ndiyo kazi ninayoitaka.

Huyo mtoto wa kukojoa mkumbuke. Mimi nilimsahau, na ndiyo sababu naandika.

Miaka miwili iliyofuata naiacha. Nilifundisha tuisheni, nikauza vitenge, nikalia sana. Tuendelee.

2013 nikapata nafasi ya kujitolea kwenye shirika dogo lililokuwa na chumba kimoja nyuma ya zahanati. Siku moja akaja mama na mtoto wa miaka minane. Nitamwita Masanja, si jina lake. Mama alikuwa anachuuza michembe na karanga stendi. Alimsukuma mtoto mbele yangu kama mtu anayerudisha redio mbovu dukani, akasema, "Madamu, huyu nimemchapa mpaka mkono umechoka. Kikojozi. Na shuleni anasinzia, mwalimu anasema mvivu." Masanja alikuwa na kaptula ya shule iliyobanwa kiunoni kwa kamba ya katani. Alisimama kwa mguu mmoja, wa pili ameuficha nyuma ya goti. Kila asubuhi alikuwa anabebeshwa godoro lake kichwani mpaka uani, na watoto wa majirani wanamwimbia ule wimbo wa vikojozi ambao sote tunaujua.

Nisikufiche, nilifurahi. Kesi yenyewe ilikuwa imetoka kitabuni mzimamzima! Nikakata boksi la sabuni, nikachora kalenda, nikampa kalamu nyekundu: akiamka mkavu anachora nyota, nyota tano anapata chungwa. Mama nikamwambia fimbo basi, na maandamano ya godoro basi. Na nikaongeza la tatu, kwa kujiamini kabisa: mtoto asinywe maji wala uji kuanzia saa kumi na moja jioni.

Yule mama alitii kuliko wazazi wote niliowahi kufanya nao kazi. Fimbo aliitupa kweli. Maji alimnyima kweli. Wiki tano zikapita, kwenye boksi kuna nyota mbili. Nikamwambia avumilie, mabadiliko ya tabia yanataka muda. Nilikuwa na sauti nzuri sana siku hizo, ya upole, ya kitaalamu.

Wiki ya sita alikuja amembeba mgongoni. Mtoto wa miaka minane, miguu inaning'inia karibu na visigino vya mama yake. Analia mikono, analia miguu, midomo imekauka. Nikakimbia kumwita tabibu wa zahanati, mzee mmoja asiye na maneno mengi. Akamvuta mtoto kope ya chini, akabonyeza tumbo, akamgeukia mama: "Una mtoto aliyefariki mdogo?" Mama akasema wawili. Mzee akaandika karatasi ya kwenda kupima damu. Alivyonipita mlangoni aliniangalia, hakusema kitu.

Ilikuwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Siko seli, kama wengi tunavyoiita.

Sasa sikiliza vizuri, maana hili mimi sikufundishwa. Figo za mtoto mwenye selimundu zinashindwa kuubana mkojo, kwa hiyo anakojoa mwingi na mwepesi, na kukojoa kitandani ni jambo la kawaida sana kwao hata wakiwa wakubwa. Huyu hana ukaidi wowote. Halafu mwili wake ukipungukiwa maji, chembe nyekundu za damu zinajikunja kirahisi zaidi, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yanaanza. Mtoto wa namna hii anatakiwa anywe maji kwa wingi. Mimi nimemnyima wiki tano, kwa ajili ya nyota za kwenye boksi. Na huku kwetu Kanda ya Ziwa ndiko selimundu ilikojaa kuliko sehemu nyingi za nchi. Mtoto karibu mmoja kati ya watano anazaliwa amebeba kirithi chake kutoka kwa mzazi mmoja, bila kuumwa. Mtu wa kwanza kuliwazia hilo nilipaswa kuwa mimi, mzaliwa wa hapahapa.

Masanja alilazwa siku tisa, akatoka. Baada ya mwezi mama yake akaja na kuku, mtetea mweusi, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga. Alikuja kunishukuru kwa kumzuia asichape. "Ningekuja kumuua mwanangu, madamu, kwa kumpiga mgonjwa." Habari ya maji sikumwambia. Nikapokea kuku.

Nilikuja kumwambia 2019, tulipokutana Buzuruga. Alinyamaza kidogo, akahamisha kikapu mkono wa pili, akasema, "Nilijua, madamu. Tabibu aliniambia siku ileile."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: kabla hujagusa tabia ya mtoto, uliza mwili wake. Mtoto anayesinzia darasani shule za kando ya ziwa anaweza kuwa na kichocho kinachomnyonya damu taratibu. Kumpima na kumpa dawa yake, prazikwanteli, ni kazi ndogo kuliko kumwita mvivu miaka saba. Asiyemjibu mwalimu anaweza kuwa na usaha masikioni. Anayegombana kila saa nne asubuhi huenda hajala tangu jana. Nunua daftari, daftari la kawaida la kaunta, uandike: amekula nini, amelala saa ngapi, anakunywa nini, amepimwa damu lini, nyumbani kuna mtoto aliyefariki? Swali la mwisho liulize kwa sauti ya chini. Liulize tu.

Haya, nikawa nimejifunza unyenyekevu, au nilidhani hivyo.

2015 nikakutana na Mchezo wa Tabia Njema. Ulibuniwa Marekani, ukaandikwa 1969 kutokana na darasa la nne moja huko Kansas. Mwalimu anagawa darasa kwenye timu, timu ikivunja kanuni inapata alama ubaoni, zikibaki chache inashinda. Basi. Kuanzia 1985 ukajaribiwa Baltimore kwa watoto wa darasa la kwanza, wakafuatiliwa mpaka ujana, na kati ya wale wavulana waliokuwa wagomvi zaidi, waliocheza mchezo huu walikuja kuwa na matatizo machache ya dawa za kulevya kuliko wasioucheza. Nikasema Mungu mkubwa, kitu chenyewe kinahitaji chaki tu! Na chaki tunazo.

Nikapata shule moja pembezoni mwa jiji. Darasa la pili, watoto 143, madawati 31, mwalimu mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti iliyokwisha. Tukagawa timu sita, tukazipa majina ya samaki: Sangara, Sato, Furu, Kambare, Ningu, Kamongo. Zawadi ni pipi na penseli, nanunua mimi. Wiki mbili za mwanzo ukipita dirishani unasikia chaki inakwaruza ubao. Nilipiga picha, nikazituma kwa kila mtu, na kwa mjomba pia.

Wiki ya tatu nikaenda Sengerema kwenye msiba, enzi zile tunapanga foleni ya kivuko Kigongo, daraja halijawa hata ndoto. Pipi zikaisha nikiwa huko. Niliporudi niliikuta timu ya Kamongo imepangwa nje kwenye kivuli cha mti, watoto 23, viganja mbele. Mwalimu aliponiona akatabasamu kwa furaha ya kweli kabisa: "Madamu, mchezo wako umenisaidia mno. Sasa hivi najua wa kuchapa bila kubahatisha."

Nilikaa kwenye jiwe. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kichwani nilikuwa nazo zote. Lakini ningemwambia nini? Sikuwahi kumuuliza yule mama hata mara moja anaishije na watoto 143. Nilimletea mchezo kama mtu anayeshusha kabati kwenye nyumba ya mwenzake bila kupima mlango. Tena nilikuwa nimeuelewa nusu: kwenye mchezo wenyewe timu zote zinaweza kushinda siku moja, hakuna lazima ya kumpata aliyeshindwa. Mimi nilileta mashindano ya Kamongo na Sangara kama mechi ya watani.

Hao wa Olds yaliwapata pia, usidhani ni sisi tu. Mpango wake ulipopelekwa Uingereza, utafiti mkubwa uliotoka 2015 haukuona faida zilizotarajiwa kwa muda mfupi, na sababu moja iliyotajwa ni kwamba mama wa kule, hata asipokuwa kwenye mpango, tayari anahudumiwa vizuri. Kitu kikihama nchi kinabadilika.

Nikaanza upya. Wiki tatu nilikaa nyuma ya darasa na daftari, siongei, naandika tu fimbo inapanda saa ngapi. Ilikuwa inapanda saa tano na nusu, jua kali, watoto wana njaa, mwalimu ana njaa. Tukauhamishia mchezo saa hiyo. Zawadi ikawa kutoka kwanza kwenda uani na kupigiwa makofi ya kilo. Fimbo haikuisha, nisikudanganye. Daftari langu linasema mwanzoni ilitumika siku tano za wiki, mwisho wa muhula ni siku moja au mbili. Yule mwalimu amestaafu sasa, ananitumia sala kila asubuhi.

Sasa nifike panaponiuma.

Kuanzia 2016 nilifanya kazi kwenye mwalo mmoja, pale wavuvi wanaposhushia samaki, upande wa Ilemela. Kama hujawahi kukaa mwaloni alfajiri: mitumbwi inarudi na dagaa, akina mama wanagombania ndoo, halafu mpaka saa sita wako mchangani na kwenye vichanja, wanaanika, wanageuza, wanafukuza ndege. Watoto wa mwaka mmoja mpaka minne wako hapohapo, mita kumi kutoka majini. Mama kainama. Ziwa halipigi kelele linapomchukua mtoto, watu wa mwaloni wanalijua hili kuliko mtaalamu yeyote. Mwaka uliotangulia walikuwa wamezika wawili.

Bangladesh walishaonyesha njia: vijijini huko, watoto wadogo wanawekwa kwenye vituo asubuhi, saa ambazo mama ana kazi, na vifo vya kuzama vilipungua sana. Nikawatafuta bibi wanne wa palepale. Tukazungushia uzio wa nyavu chakavu za sangara chini ya mwembe, turubai juu, uji, vifuniko vya ndoo, magunzi. Watu waliniuliza, hii ndiyo saikolojia? Ndiyo. Mtoto anayesemeshwa, anayeimbiwa, anayejua kuna mtu anamwangalia, tayari umeanza kumkinga na mengi ya mbele, achilia mbali maji. Bibi wale waliwaimbia kwa Kisukuma mpaka watoto wa Kikerewe na Kijita wakawa wanajibu.

Na tulikuwa na bati. Bati la maziwa ya unga, kubwa, na rundo la mawe madogo pembeni. Mtoto akiingia, jiwe linatupwa ndani, kwaa. Mama akimchukua, jiwe linatolewa mbele yake. Saa saba mchana bati linageuzwa juu chini mbele ya bibi wote wanne, na likidondosha hata jiwe moja hakuna anayekwenda nyumbani. Mara moja lilidondosha. Tulitawanyika mwalo mzima tukipiga yowe, mpaka wavuvi wakaanza kuvua mashati. Tulimkuta amelala ndani ya mtumbwi uliopinduliwa kwa ukarabati, kumbe mama yake alimchukua bila kusema. Nilitapika.

Miezi 22. Watoto 37 siku ya kawaida. Hakuzama hata mmoja.

Wakaja wenye fedha, gari jeupe, kijana ana kishikwambi. Akauliza, "Matokeo yako wapi?" Nikamwonyesha watoto. Akasema hao anawaona, anauliza matokeo. Nikamwonyesha bati. Akalipiga picha. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mwema kabisa, akataka kunisaidia, akasema, "Madamu amefanya vizuri, ila kwa kweli hawa watoto hawajawahi kuzama, kwa hiyo hatuwezi kujua." Ndugu zangu! Niliona kazi yangu ya miezi 22 inaingia ziwani kwa sentensi moja.

Fedha zikakatika. Miezi minane baadaye mwenzangu akanitumia picha kutoka hoteli moja hapa mjini: ripoti inazinduliwa, watu wamevaa suti, wanakata keki. Kwenye jalada kuna bati langu na mawe yake. Nikaomba anipigie picha kurasa za ndani. Jina langu halimo. La bibi hata mmoja halimo. Kuna jina la mtu aliyekuja mwaloni mara mbili, na mara ya pili hakushuka garini kwa sababu ya harufu.

Nimesamehe. Nimeokoka na nimesamehe. Ila ile picha ya jalada ninayo kwenye simu, na kila nikibadilisha simu naihamisha.

Ndiyo maana nakwambia daftari, na nitakwambia tena. Andika tarehe. Andika ulichokikuta kabla hujaanza, kwa idadi, mashahidi wakiwepo, maana mtu akija baadaye kuuliza matokeo ya kitu ambacho hakikutokea, jibu lako liko kwenye ukurasa wa kwanza. Mimi wale wawili waliozikwa sikuwa nimewaandika popote. Walikuwa vichwani mwa watu, na kichwa cha mwenyekiti ulishakisikia. Andika majina ya uliofanya nao kazi. Mpe mwenye mradi nakala, halisi ubaki nayo wewe.

Kuonekana nimeonekana mara moja tu, nayo sitamani irudi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 220 wakafa. Ndani ya siku mbili wanasaikolojia tulitafutwa kama maji ya kunywa. Nikavuka. Tulivaa vizibao vyenye maandishi mgongoni, watu wakatupisha njia. Nilikuta baadhi ya watu wema wanawazungukia watoto wakiwataka wasimulie walichokiona, eti wakitoa watapona. Msifanye hivyo. Hata Shirika la Afya Duniani halishauri kumkalisha mtu mara moja umsimulishe balaa lililompata jana. Mpe maji, mtafutie ndugu yake, mwache acheze, mrudishe shule mapema. Akitaka kusema atasema, uwepo. Nilirudi Ukara baada ya miezi mitatu kwa nauli yangu. Gari la mradi halikuwepo hata moja, na hapo ndipo watoto walikuwa wanaanza kuota usiku.

Kwa hiyo, mdogo wangu. Unasema hutaki hospitali, unataka kinga. Nimelisoma hilo mara tatu. Nina wasiwasi unataka kinga kwa vile umeiona safi, haina damu, ina semina na vitambulisho vya shingoni. Vijana wa siku hizi mnapenda kuanza na jina la taasisi, nembo, ukurasa, halafu ndiyo mtafute mtoto. Mtoto yuko mtaani kwako. Umekaa Igoma mwaka wa pili, unajua nyumba ya tatu kutoka kwenu mtoto analala saa ngapi? Mwenyekiti wako wa mtaa anakujua? Mwalimu wa darasa la kwanza shule ya jirani umewahi kumbebea hata madaftari? Sisi 2011 hatukuwa na kitu. Ninyi Desemba 2021 serikali imewazindulia programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ya miaka 0 mpaka 8, ulizia kwenye halmashauri yako nani anashughulika nayo. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii ukajitambulishe. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndio wanaoingia nyumba ambazo wewe hutafunguliwa mlango. Watembelee, wabebee mzigo, jifunze kunyamaza.

Na ninyi wazazi mnaonisoma mkitikisa kichwa kwa habari ya Masanja, huku kuna waya au mwiko wenye kazi ya pili nyumbani. Nawajua. Mnanipigia simu usiku mkisema mtoto kabadilika. Kabadilika lini, baada ya nini? Kanisani mnanukuu fimbo ya Mithali vizuri sana, kupima damu hamnukuu. Mtoto akikojoa, mpeleke akapimwe. Akisinzia, mpeleke akapimwe. Ukimsikia wa jirani anapigwa kupita kiasi, namba 116 ni bure na haihitaji useme jina lako, usingoje mpaka tukutane kwenye turubai la msiba ndipo useme ulikuwa unasikia.

Naona nimeanza kuhubiri. Mama yangu husema ningekuwa mchungaji ningejenga.

Nikujibu sasa ulichouliza. Jumanne nakuwa kliniki ya watoto, nitakutumia jina la kituo kwenye simu. Fika saa moja na nusu, kabla akina mama hawajajaa kwenye benchi. Usivae kisigino, na usije na wasifu wako kwenye faili la plastiki, sitausoma. Njoo na daftari la kaunta, kalamu mbili, chupa ya maji. Utakaa karibu na mizani mpaka saa sita, humshauri mtu, unaandika tu: nani kamleta mtoto, amemshikaje anapolia, kadi inasema nini, mama kasema nini wakati nesi hamwangalii. Saa sita tutasoma pamoja ulichoandika. Nauli ya kurudi nitakupa, ya kuja jitegemee.

Lile bati ninalo, bibi mmoja alilichukua siku ya kufunga akaniletea nyumbani. Nitakuja nalo. Pale kliniki kaka na dada za watoto wanaopimwa wanazagaa getini wakati mama yuko kwenye foleni, na geti linatazamana na barabara ya malori. Wewe utakuwa wa mawe.